Uzi wa viinimacho: picha za kweli ambazo macho yanakataa kuziamini

#1 MwanaVivuli

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya kitu ninachokipenda tangu nishike simu yangu ya kwanza yenye intaneti: zile picha na video za ajabu zinazovuma ghafla, watu wanabishana siku tatu usiku na mchana, halafu kimya. Wengi wanazipitia, wanacheka, wanaendelea na mambo yao. Mimi huwa nabaki nazo. Nazihifadhi, nazirudia, natafuta kwa nini zimenikoroga kichwa.

Sheria ya uzi ni moja: picha isiwe imechezewa. Picha ya kughushi inakuonyesha ufundi wa aliyeighushi, basi. Picha ya kweli ambayo jicho linaikataa inakuonyesha jicho lako mwenyewe linavyofanya kazi, na hicho ndicho ninachokitafuta.

Naanza na baba lao: lile gauni.

Februari 2015. Mama mmoja alilipiga picha gauni alilotaka kulivaa kwenye harusi ya binti yake, akamtumia binti. Binti na mchumba wake wakashindwa kukubaliana ni rangi gani. Picha ikazunguka kwa jamaa na marafiki, ikafika kwenye mtandao wa Tumblr ikiwa na swali hilohilo, na kufikia usiku dunia nzima imeshagawanyika: bluu na nyeusi, au nyeupe na dhahabu. (Siku hiyohiyo, tarehe 26, lama wawili walitoroka huko Arizona, Marekani, mmoja mweupe mmoja mweusi, wakafukuzwa barabarani huku televisheni zikirusha moja kwa moja. Sijui siku nyingine ya intaneti niliyoifurahia kama ile.)

Mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa tumeketi kwenye kochi moja, tunatazama simu moja. Mimi naona bluu na nyeusi. Yeye anaona nyeupe na dhahabu. Nikadhani ananitania. Nikamtazama usoni, hana hata dalili ya kicheko. Akaninyang'anya simu, akaongeza mwanga, akapunguza, akaigeuza juu chini, akaisogeza dirishani. "Nyeupe," akasema, kwa sauti ya mtu anayeanza kuogopa. Tumelelewa pamoja, tumekula sahani moja, na siku ile ndiyo mara ya kwanza niligundua kwamba sijui dada yangu anaona nini anapotazama kitu.

Gauni lenyewe ni bluu na nyeusi. Waliolitengeneza walithibitisha. Lakini ukizipima pikseli za ile picha, yaani vile vidoa vidogo vya rangi vinavyoiunda, hupati nyeusi wala nyeupe: unapata bluu iliyofifia na kahawia inayoelekea dhahabu. Picha ilipigwa vibaya, nyuma kuna mwanga mkali, na hakuna kinachokuambia gauni limesimama kivulini au chini ya taa. Hapo ubongo unalazimika kukisia. Ukikisia gauni liko kivulini, ambako mwanga huwa na ubluu, unaondoa ubluu huo na kubaki na nyeupe na dhahabu. Ukikisia taa ya manjano, unaondoa umanjano, unabaki na bluu na nyeusi. Kazi hiyo inafanyika kabla hujajua kwamba imefanyika, ndiyo maana huwezi kujishauri uone vingine.

Karibuni mchangie. Leteni zenu.

#2 Kengele ya Jioni

Nakaa mstari wa mbele hapa. Mkuu, mimi lile gauni naliona nyeupe mpaka leo, na nimesoma maelezo yote.

#3 BintiMawimbi

Asante kwa uzi. Naomba kuweka ile ya ubao wa drafti, maana kwangu ndiyo imewazidi wote.

Aliichora Edward Adelson wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1995. Kuna ubao wa drafti, pembeni yake limesimama pipa la kijani, na kivuli cha pipa kimelala juu ya ubao. Kisanduku chenye herufi A kiko nje ya kivuli, ni cheusi. Kisanduku B kiko ndani ya kivuli, ni cheupe. Halafu unaambiwa A na B ni kijivu kimoja.

Nilikataa. Nikafungua picha kwenye kompyuta, nikachukua karatasi, nikatoboa matundu mawili kwa ncha ya kalamu, nikaiweka juu ya skrini ili vionekane visanduku hivyo viwili tu. Matundu yote mawili yakawa na rangi moja. Nikaanza kuivuta karatasi taratibu kutoka pembeni. Kile kivuli kilipoanza kuchungulia, kisanduku B kikaanza kuwa cheupe mbele ya macho yangu, na hakuna kilichobadilika kwenye skrini. Nilirudia kama mara kumi. Nywele zilinisimama.

#4 MwanaVivuli

Dada BintiMawimbi, umenifanyia kazi yangu. Hapo ubongo unajisemea: hiki kiko kivulini na bado kina mwangaza huu, basi chenyewe lazima ni cheupe. Unakiongezea weupe unaodhani kivuli kimeupunguza. Katika maisha ya kila siku hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Bila hiyo, shati jeupe lingekuwa la kijivu kila unapoingia ndani ya nyumba. Ndiyo maana sipendi watu wanaposema macho "yanadanganywa". Jicho limefanya kazi yake vizuri, ila limepewa mchoro mahali pa kitu.

(Najua mtasema ubao ni mchoro wa kompyuta na nimevunja sheria yangu. Hapana. Mchoro unaosema wazi kwamba ni mchoro haujamghushia mtu.)

Kwenye ukoo huohuo kuna matunda ya Akiyoshi Kitaoka, profesa wa saikolojia huko Japani. Mwaka 2017 alitoa picha ya stroberi zilizofunikwa na rangi ya samawati. Kila mtu anaziona nyekundu. Ukikuza picha pikseli kwa pikseli, hakuna hata moja nyekundu, zote ni za kijivu na kijani cha maji. Huyuhuyu ndiye mwenye wale nyoka wanaozunguka wa mwaka 2003, duara nyingi zilizojaa magamba ya rangi. Picha imetulia tuli, lakini kila unapohamisha macho, nyoka wanaanza kutambaa. Ukikodolea nukta moja bila kupepesa, wanasimama. Nimeichapa kwenye karatasi na nyoka bado wanatambaa. Kwenye karatasi, jamani.

#5 Fundi Mwendo

Wakuu, mimi ni mtu wa video. Mwaka juzi nilirekodi feni kwa simu, nikakuta mapanga yamepinda kama mundu, mengine yamekatika hewani hayajashikana na chochote. Nikajua simu imeharibika. Nikaipeleka kwa fundi, akaifungua, akanilipisha, akairudisha vilevile. Nani anaweza kueleza?

#6 MwanaVivuli

Pole sana, simu yako ilikuwa nzima. Kamera ya simu haichukui picha nzima kwa mpigo mmoja. Inasoma mstari baada ya mstari, tuseme kuanzia juu kwenda chini. Wakati inasoma mstari wa juu panga liko hapa, ikifika katikati panga limeshasogea, ikifika chini limekwenda mbali zaidi. Picha ikiunganishwa, panga lililonyooka linatoka limepinda. Ndiyo zile picha za mapanga ya ndege yanayoelea hewani ambazo watu huzituma wakiwa dirishani mwa ndege.

Halafu kuna ile ya helikopta inayopaa huku mapangaboi yake yamesimama kabisa, kana kwamba imening'inizwa kwa kamba. Hiyo ni hesabu. Chukua helikopta yenye mapanga matano, na kamera inayopiga picha 25 kwa sekunde. Mhimili ukizunguka mara tano kwa sekunde, basi kila picha inapopigwa, panga moja limefika palepale lilipokuwa jirani yake kwenye picha iliyopita. Mapanga yote yanafanana, kwa hiyo kamera inaona yaleyale mahali palepale. Wakati huo helikopta inapiga upepo wa kung'oa kofia. Hakuna aliyehariri chochote, ni kasi mbili tu zimekutana zikalingana.

#7 Mama Chui

Naomba na mimi nitoe wangu. Nilikuwa napiga panorama ya sebule, nazungusha simu kutoka kushoto kwenda kulia. Paka wangu akaamua kutembea upande uleule, kwa mwendo uleule. Alitoka na miguu saba na mgongo mrefu kama benchi! Mkia mmoja, kichwa kimoja, katikati ni paka tu hamalizi. Nimeichapa nimeitundika ukutani. Wageni wote wanaanza na hiyo kabla hata hawajakaa.

#8 MwanaVivuli

Mama Chui, tunza picha hiyo. Panorama hushona vipande vyembamba vilivyopigwa kwa nyakati tofauti. Paka akifuatana na simu, kila kipande kinamkuta tena, ndiyo anarefuka. Angetembea kinyume na simu angetoka mfupi, kichwa kimekutana na mkia.

Na kwa kuwa paka wametajwa, hii lazima niiseme. Mwaka 2017 watu walianza kubandika mraba wa utepe wa gundi sakafuni na kusubiri. Paka anakuja, ananusa, anaingia ndani ya mraba, anaketi. Ikavuma kweli, kila mwenye paka akajaribu. Watafiti nao wakaipenda. Mwaka 2021 wakachapisha utafiti ambapo wenye paka walifanya majaribio nyumbani kwao. Badala ya mraba tu, waliweka pia duara nne zilizokatwa pembe, zile za Gaetano Kanizsa, mwanasaikolojia wa Italia aliyezieleza mwaka 1955: ukizipanga pembe zikitazamana, unaona mraba katikati ambao haupo, hauna mstari hata mmoja. Paka 30 ndio waliomaliza majaribio yote, wengi hawakuketi popote, lakini tisa walioketi waliuchagua ule mraba wa hewa karibu sawasawa na mraba halisi. Ni paka wachache, siwezi kutangaza kwamba paka wote wako hivyo. Ila mimi nikifikiria paka ameketi katikati ya sakafu tupu, ndani ya kuta ambazo mimi na yeye tu ndio tunaziona, moyo wangu unajaa.

#9 Sijali2

Mnasahau yule dansa anayezunguka! Ukimwona anazunguka kulia unatumia ubongo wa kulia, una vipaji. Kushoto, wewe ni mtu wa hesabu. Nilipima ofisi nzima.

#10 MwanaVivuli

Mkuu Sijali2, dansa ni halali kabisa hapa, lakini hicho kipimo si cha kweli, na naomba tusikiendeleze. Nobuyuki Kayahara, mbunifu wa Japani, alimtengeneza mwaka 2003. Ni kivuli cheusi kitupu. Hakuna mwanga kwenye mwili wala mkunjo wa nguo wa kukuambia kama mguu ulionyooshwa uko mbele au nyuma. Majibu yote mawili yanakubaliana na picha, ubongo unachagua moja na kulishikilia. Biashara ya ubongo wa kulia na wa kushoto iliongezwa na wengine wakati wa kuisambaza, ikapendwa kuliko picha yenyewe.

Jaribu hivi: ziba kwa kiganja kila kitu isipokuwa unyayo wa mguu uliosimama. Utazame mpaka ubadilishe mwelekeo, kisha ondoa kiganja polepole. Mimi humgeuza kila ninapotaka sasa. Ilinichukua jioni nzima kujifunza.

#11 Mzee wa Kale

Wanangu, msidhani haya yamezaliwa na intaneti. Bata anayegeuka sungura alichapwa kwenye gazeti la vichekesho la Ujerumani, Fliegende Blätter, mwaka 1892. Msichana anayegeuka bibi kizee alichorwa na W. E. Hill kwenye gazeti la Marekani la Puck mwaka 1915, na hata yeye alikuwa na watangulizi, kuna kadi ya posta ya Ujerumani ya mwaka 1888 yenye mchoro kama huo. Watu walitumiana kwa posta, wakasubiri wiki kuulizana "umeona nini?" Mwalimu wangu alituchorea bata yule ubaoni. Darasa likapiga kelele hadi mkuu wa shule akaja. Naye akasimama mlangoni akauliza, "Huyo sungura ni wa nini?" Tukalipuka upya.

#12 MwanaVivuli

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa hiyo, nitaikumbuka.

#13 Nyota ya Kusi

Na sura je? Nyumba zenye macho, soketi zinazoshangaa, mawingu yenye pua. Nina folda nzima.

#14 MwanaVivuli

Hiyo inaitwa pareidolia. Ubongo una sehemu inayoshughulikia nyuso, na inapendelea kuona uso usiokuwepo kuliko kuukosa uliopo. Mkubwa wao ni sura ya Mirihi. Tarehe 25 Julai 1976, chombo cha Viking 1 kilipiga picha eneo la Cydonia wakati jua liko chini, vivuli vikalala virefu, na hapo ukatokea uso wa mtu unatazama juu. NASA wenyewe walipoitoa picha walisema ni mchezo wa mwanga na vivuli. Haikusaidia. Miaka na miaka watu waliamini ni mnara wa kale. Mwaka 2001 chombo cha Mars Global Surveyor kikapiga picha safi zaidi: kilima cha mwamba, kimechakaa.

Nazipenda picha zote mbili. Ile ya pili haijaifuta ya kwanza, ukirudi kuitazama ya 1976 uso bado upo.

Na mwaka 2004 kipande cha mkate uliobanikwa, chenye doa ambalo wengi waliliona sura ya Bikira Maria, kilinunuliwa kwenye mnada wa eBay kwa dola 28,000. Kilikuwa tayari kimeng'atwa mara moja.

#15 Kasi Kasi

Hii hapa wakuu, papa anaogelea barabarani kwenye mafuriko, pembeni ya gari! Ya kweli hii, nimetumiwa na mtu aliyekuwepo.

#16 MwanaVivuli

Ndugu yangu Kasi Kasi, papa huyu ni rafiki yangu wa zamani, na nasikitika kukuambia amechezewa. Alianza kuzunguka mwaka 2011 kama picha ya mafuriko ya kimbunga Irene huko Puerto Rico. Tangu hapo kila kimbunga anahama mji. Mwaka 2017 kwenye Harvey alikuwa Houston, mtangazaji wa televisheni akamtaja hewani kama habari. Papa mwenyewe ni halisi, ila alikatwa kutoka picha nyingine: papa mkubwa mweupe anayeifuata kayaki, iliyopigwa Afrika Kusini na Thomas Peschak. Ile picha ya Peschak ni ya kweli mia kwa mia, na watu waliikataa wakisema ni ya kughushi! Ya kweli ikashukiwa, ya kughushi ikaaminiwa.

Na subiri. Septemba 2022, kimbunga Ian, Fort Myers, Florida: ikatoka video ya samaki mwenye mapezi makali anajipinda kwenye maji yaliyojaa nyuma ya nyumba. Kila mtu akasema, "papa wa barabarani huyo tena." Waandishi wakaikagua, wakathibitisha video ni ya kweli. Wataalamu walioitazama wengine walisema anaonekana kuwa papa mdogo. Kwa hiyo mkuu usijilaumu. Ulichokosea ni picha, wazo lenyewe liliwezekana.

#17 Kasi Kasi

Nimeelewa mkuu. Nimemwandikia aliyenitumia.

#18 Tamu Chungu

Uzi umesahau michezo ya mwili. 2011 watu walilala kifudifudi kama mbao juu ya magari, reli na kabati. 2013 watu wakajirusharusha kwa sekunde 30 na kofia za pikipiki vichwani. 2014 wakajimwagia ndoo za maji ya barafu. 2019 yai lililowekwa Instagram likavunja rekodi ya kupendwa. Hizi hazina nafasi?

#19 MwanaVivuli

Zina nafasi, ila haziwi sawa moyoni mwangu. Yai nililipita tu. Kujilaza kama ubao nilikupenda mpaka mtu mmoja alipoanguka kutoka ghorofani Brisbane akafa, Mei 2011, na tangu siku hiyo sijawahi kuupenda mchezo wowote unaodai urefu au kasi. Ndoo za barafu nilizipa heshima: chama cha Marekani cha ALS, ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaodhoofisha misuli, kilipata dola milioni 115 kwa msimu mmoja, na mwaka 2016 utafiti uliofadhiliwa kwa sehemu ya fedha hizo ulitaja jeni ya NEK1 kuwa inahusika na ugonjwa huo.

Lakini unaonipeleka kwenye mada ni ule wa kuganda kama sanamu, mwaka 2016, ulioanzia kwa wanafunzi wa Jacksonville, Florida. Watu wameganda, mmoja anatembea katikati yao na kamera. Watafiti wa Google wakagundua hiyo ni hazina: watu wamesimama tuli, kamera inasogea, kwa hiyo unaweza kukokotoa nani yuko karibu na nani yuko mbali. Wakakusanya video kama 2,000 na mwaka 2019 wakatoa kazi ya kuifundisha kompyuta kukadiria umbali wa watu kwenye video ya kawaida. Wale vijana walikuwa wanajikaza wasicheke, kumbe wanafundisha mashine kuona kina.

#20 Kengele ya Jioni

Turudi kwenye gauni kidogo. Kwa nini mimi nikisie kivuli na wewe ukisie taa? Nani alinifundisha?

#21 MwanaVivuli

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Pascal Wallisch wa Chuo Kikuu cha New York aliwauliza watu zaidi ya 13,000, akachapisha mwaka 2017. Aliona kwamba waliodhani gauni liko kivulini waliona nyeupe kwa wingi zaidi. Halafu akauliza wanaamka saa ngapi. Wanaoamka mapema, wanaoishi zaidi na mwanga wa mchana, walielekea nyeupe na dhahabu. Wanaokesha chini ya taa walielekea bluu na nyeusi. Ni mwelekeo tu, si sheria.

Nilipoisoma nilimpigia dada yangu. Yeye anaamka kabla ya adhana ya alfajiri tangu tukiwa watoto. Mimi usiku ndio mchana wangu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nitumie tena ile picha." Nikamtumia. "Bado nyeupe," akasema.

Andikeni hapa: rangi unayoona, na saa unayolala.

#22 Kengele ya Jioni

Nyeupe. Saa tatu usiku nimeshalala.

#23 Fundi Mwendo

Bluu. Saa nane usiku, tisa ikizidi.

#24 Mama Chui

Nyeupe na dhahabu. Saa nne. Paka naye saa nne.

#25 Nyota ya Kusi

Nyeupe, na nalala saa kumi alfajiri kila siku, nafanya kazi ya usiku mwaka wa sita huu.

#26 MwanaVivuli

Nyota ya Kusi, usiondoke. Chumba unachofanyia kazi kina taa za rangi gani?